Leja ya tumbo dogo

Siku ya 3

Siku ya tatu tangu upasuaji wa kupunguza tumbo, nimeruhusiwa maji. Muuguzi kaniletea kikombe cha dawa, kile cha plastiki chenye mistari ubavuni, kimejaa hadi mstari wa mililita 30. "Hiki usikimalize kabla ya robo saa," akasema, akaondoka. Nilidhani ananitania, maana funda moja la kawaida lingekimaliza chote. Nikaanza kulamba ukingoni kama paka. Mara ya tatu maji yaliteremka kwa uzito nikayasikia yakifika, kama mtu anayeshuka ngazi na gunia mgongoni. Nikaweka kikombe pembeni, nikasubiri.

Jioni daktari alipopita aliniambia kifuko alichonitengenezea kinaingia kiasi kama hicho hicho. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba changu siku hizi ni mililita 30.

Kikombe nimekiomba, wamenipa. Nitakihitaji kwa vipimo.

Siku ya 6

Niko nyumbani. Leo nafungua leja.

Nilichofanyiwa ni baipasi. Sehemu ya juu kabisa ya tumbo imetengwa na kushonwa ikawa kifuko, kisha utumbo mwembamba ukavutwa juu ukaunganishwa nacho. Tumbo kubwa la zamani halikutolewa. Limo humo humo, linaendelea kutoa juisi zake, ila chakula hakipiti tena kwake. Juisi hizo, pamoja na nyongo na maji ya kongosho, zinateremka kwa njia yao na kukutana na chakula mbele ya safari. Mimi ni mtu wa stoo miaka yote, kwa hiyo nimejielezea hivi: lango kuu limefungwa, mzigo unapitishwa kwenye kidirisha cha pembeni, na wapokeaji wanausubiri huko chini uani.

Ratiba yangu ni vinywaji hadi siku ya 14, vya kusagwa hadi mwisho wa wiki ya 4, vyakula laini hadi wiki ya 8, halafu vya kawaida, kimoja kimoja. Protini isipungue gramu 60 kwa siku. Maji yafike lita moja na nusu, nayo yasinywewe pamoja na chakula. Nikimaliza kula nikae nusu saa kwanza.

Mtaalamu wa lishe kaniambia tumbo hili litakataa vitu, na litakavyovikataa mwezi huu huenda mwezi ujao likavipokea. Orodha ya mgonjwa mwingine, anasema, niisome kama ninavyosoma barua ya jirani. Ndiyo maana nimeanzisha mradi huu. Kilo zina daftari lake, humu sitaziandika. Humu ni mapokezi tu, kwa safu tatu: kitu, kiasi, matokeo. Matokeo ni herufi moja. K, kimekubali. S, kimesumbua. R, kimerudi. Kitu kipya ni kimoja kila siku mbili, ili pakitokea fujo nimjue aliyeileta.

Siku ya 11

Unga wa protini kwenye maziwa, mililita 100, nikainywa saa nzima. Dakika arobaini baadaye tumbo likaanza kunguruma hadi mdogo wangu akachungulia dirishani akidhani mvua inakuja. Gesi, kisha choo mbio mbio.

Unga wa protini: S.

Kila kitu ni kitamu kupita kiasi. Juisi niliyoichanganya na maji nusu kwa nusu bado inanikaa ulimini kama shira.

Siku ya 13

Nimerudia unga ule ule, safari hii kwa maji matupu. Umetulia. Nikajaribu maziwa peke yake, kibaba kimoja tu: ngurumo. Kumbe nilimwandikia kosa asiyehusika.

Nimeuliza, nikaelezwa. Sukari ya maziwa, laktosi, inavunjwa na kimeng'enya kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Sasa chakula changu kinaruka kipande cha mwanzo cha utumbo huo, tena kinafika haraka, basi laktosi nyingi inapita bila kuvunjwa hadi kwenye utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaifanyia sherehe. Mtindi nimeambiwa nijaribu, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Mtindi, vijiko viwili: K. Mungu ni mwema.

Siku ya 17

Kusagwa kumeanza. Blenda inaunguruma jikoni asubuhi na jioni, na mdogo wangu ndiye fundi wake. Samaki wa kuchemsha, akasagwa na maji yake mwenyewe hadi akawa kama uji. Sura yake ilinikatisha tamaa, ladha yake ikanirudishia. Vijiko vinne. Baada ya cha nne, kwikwi. Moja tu, basi.

Hii kwikwi nimeambiwa ni kengele. Wagonjwa wengi huwa nayo, kila mmoja ya kwake: mmoja hupiga chafya, mwingine hutokwa na kamasi puani. Shibe ya zamani ilikuwa inakuja taratibu, inabisha hodi, inasubiri ukaribishe. Shibe hii haina adabu hiyo. Kati ya "bado kidogo" na "nimekwisha" pana kijiko kimoja.

Kanuni: kwikwi ya kwanza, kijiko chini.

Yai la kusagwa nimelishindwa kwa harufu tu, hata mdomoni halikufika. Sijui nimwandikie nini. Nimeweka S na alama ya kuuliza.

Siku ya 24

Leo nimevunja kanuni. Viazi vilivyopondwa na samaki, vitamu kweli, kwikwi ikaja, nikasema hiki cha mwisho. Hicho cha mwisho ndicho kilichokwama.

Naandika kama kilivyotokea, maana naogopa nitasahau. Kwanza kigumu nyuma ya mfupa wa kifua, kama nimemeza jiwe la mviringo. Halafu mate. Mdomo ulijaa mate kuliko ninavyoweza kumeza, na nikimeza hayaendi popote, yanakaa juu ya jiwe. Nikafanya kosa la pili: nikanywa maji ili kusukuma. Maji yakasimama juu ya mate. Nikakaa sakafuni chooni na bakuli mapajani, nikitema povu jeupe zito, kama ute wa yai uliopigwa. Wala si matapishi. Hamna ladha, hamna uchachu, ni povu tu, funda baada ya funda. Dakika 25 kwa saa ya ukutani. Kisha pakasikika kitu kama "tuk", jiwe likateremka, na yote yakaisha ghafla kama yalivyoanza. Nikabaki natetemeka.

Mwili unatoa mate na ute ili kulainisha kilichokwama. Njia ikiwa imezibwa, vinarudi juu. Kumwagia maji ni kuongeza foleni.

Nini hasa cha kuandika kwenye safu ya matokeo? Viazi havikuwa na kosa. Nimeandika S, lakini sijaridhika nayo.

Wiki ya 5

Vyakula laini. Maharage yaliyopondwa, K. Samaki wa mchuzi bila kusagwa, K, na nimekaribia kulia kwa kuhisi tena kitu cha kutafuna. Natafuna hadi mara 25, kila tonge. Mdogo wangu anamaliza kula, anaosha vyombo, anarudi kukaa mezani, mimi bado.

Maji lita moja na robo, siku nzima. Kikombe changu cha mililita 30 kiko juu ya meza ya kazi, wenzangu wanadhani ni dawa ya kikohozi.

Wiki ya 7

Kuku. Nimemsubiri huyu kwa siku 46.

Mnofu wa kidari, uliobaki jana, nikaupasha moto. Nikaukata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nikatafuna kila kimoja hadi thelathini. Cha tatu kikakwama. Jiwe, mate, povu, bakuli. R.

Nimemkata kwa kalamu nyekundu. KUKU: MARUFUKU.

Wiki ya 8

Mkate laini: S. Unapotafunwa unarudi kuwa donge la unga, nao unanata. Wali, vijiko viwili: S. Nyama ya kusaga: R. Mkate wa kukaushwa kwenye kikaango hadi ukakakamaa: S, ingawa nimesikia wengi unawapita. Kalamu nyekundu inafanya kazi kuliko ya bluu wiki hii.

Wiki ya 9, Jumatano

Samaki wa mchuzi: R.

Huyu ni samaki aliyepita wiki ya 5. Labda nilikula haraka.

Wiki ya 9, Jumamosi

Mtindi: R.

Nimekaa na leja mbele yangu nusu saa nzima. Stoo, ukiona bidhaa moja inarudishwa, unakagua bidhaa. Ukiona bidhaa kumi zinarudishwa, tena zile ulizozipokea mwezi jana bila tatizo, unaacha kukagua bidhaa. Unakwenda kuangalia mlango.

Nimehesabu nyuma. Tangu mwisho wa wiki ya 6 herufi zimekuwa zikigeuka polepole, K ikawa S, S ikawa R, kuanzia vigumu kuelekea vilaini. Leo asubuhi hata maji yamekaa kifuani kabla ya kushuka. Natapika kwa siku ya sita, na siku zote sita nimekuwa nalaumu chakula.

Mdogo wangu amesimama mlangoni akaniambia, "Kaka, mimi sijui mambo ya leja, lakini mtu anayerudisha maji haandiki, anapelekwa hospitali." Nimepiga simu. Aliyepokea hakuuliza mengi. Akasema njoo leo hii.

Wiki ya 10

Ulikuwa mlango.

Pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kovu lilikuwa limejikaza wakati wa kupona. Wameniambia hutokea, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Nilipigwa sindano ya usingizi, wakateremsha kamera ya endoskopi, na kamera yenyewe haikupita. Wakapitisha puto jembamba kwenye tundu, wakalijaza taratibu, tundu likatanuka. Nilipoamka koo linawasha, lakini jioni nilikunywa maji yakashuka bila kusimama njiani. Nilikuwa nimesahau kwamba maji yanashuka hivyo.

Kabla ya hayo yote, jambo la kwanza walilofanya ni kunitundikia dripu ya vitamini B1, kabla hata ya maji ya sukari. Akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu akitapika mfululizo inakwisha, na ikikwisha huharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Kumwekea mtu wa namna hiyo sukari bila B1 ni kumzidishia hatari. Hili nilikuwa nimesoma kwenye karatasi walizonipa siku ya kutoka, na nilikuwa nimelipigia mstari kabisa. Siku sita nimetapika na mstari wangu upo pale pale. Nimeandika kwenye jalada la ndani la leja: maji yakirudi, au ukitapika zaidi ya siku moja, piga simu siku hiyo hiyo. Nimeandika kwa kalamu nyekundu, ili angalau ipate kazi ya maana.

Wiki ya 11

Kuhesabu mali upya. Maingizo yote ya kuanzia mwisho wa wiki ya 6 hadi wiki ya 9 nimeyapiga muhuri wa BATILI. Mlango ulikuwa mbovu, hakuna ushahidi wa siku hizo unaosimama. Bidhaa 11 zinarudi kwenye foleni ya majaribio.

Wali, vijiko viwili: K, ila unavimba ndani, nikasikia uzito saa nzima. Mkate wa kukakamaa: K. Mkate laini: S ile ile, donge lile lile. Nyama ya kusaga: K!

Kuku. Nilimwogopa. Nikatumia kidari kile kile, kilichopashwa moto vile vile, ili niwe mwadilifu: S. Hakurudi, lakini alikaa njiani. Basi kweli ana kesi ya kujibu.

Siku mbili baadaye mdogo wangu akapika paja, sio kidari, akaliacha kwenye mchuzi hadi nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe. Akachambua nyuzi nyuzi, akazirudisha mchuzini, akaniwekea vijiko vitatu. Hakuniambia kitu. Nikala, nikasubiri kwikwi, nikasubiri jiwe. Nikamwangalia.

"Sasa andika," akasema. "Kuku huyo huyo."

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wa safu zangu tatu. Nimekuwa naandika "kuku" kana kwamba kuku ni kitu kimoja. Nyama kavu iliyopashwa moto mara ya pili imepoteza maji yake, nyuzi zake zinabanana, na meno hayaimalizi hata ukitafuna hadi kesho. Ile ya mchuzini inateleza. Tumbo halijui neno kuku. Linajua unyevu, ukubwa wa kipande, na mwendo.

Nimechora leja upya, safu sita: kitu, kilivyopikwa, kiasi, dakika nilizotumia, saa ya siku, matokeo. Na nimeondoa kalamu nyekundu mezani.

Wiki ya 13

Safu mpya zinaanza kusema. Asubuhi kifuko kimebana. Kitu kile kile kinachopewa S saa moja asubuhi kinapata K saa saba mchana. Sasa asubuhi nakunywa kitu cha moto kwanza, nakaa, halafu ndiyo mtindi. Siku nilizogombana na mtu kazini zina S nyingi kuliko siku nyingine, nadhani kwa sababu nakula huku nimekasirika, na mtu mwenye hasira hatafuni.

Chini ya dakika 15: S karibu kila mara, bila kujali ni chakula gani. Kati ya dakika 20 na 30: shwari. Ikizidi hapo chakula kimeshapoa na mimi nimeshachoka nacho.

Yai: la kuchemsha likakauka, S. La kuvurugwa kwa moto mdogo, likatolewa bado lina unyevu, K. Harufu imeacha kunisumbua, sijui iliondoka lini.

Mwezi wa 4

Mwenzetu anastaafu, kukawa na keki na soda. Soda sigusi, gesi yake kwenye kifuko hiki ni mateso. Keki nikala vijiko vitatu, kwa dakika tano, nikiwa nimesimama. Yenye krimu.

Dakika 20 baadaye nilikuwa nimelala chini kwenye kapeti la ofisi ya meneja. Moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa, jasho la baridi, tumbo linasokota, na usingizi mzito usioelezeka. Nikasikia mtu anauliza kama aite gari. Nikawaonyesha kwa mkono wasubiri. Kama nusu saa hivi, kikapita.

Wenyewe wanaiita dampingi. Sukari nyingi inamwagika kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, kwa kuwa tumbo la kuichelewesha halipo njiani tena. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, homoni zake nazo zinafumuka, presha inashuka, moyo unahangaika. Hiyo ni ya mapema, kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Ipo ya kuchelewa, saa moja hadi tatu, ambapo insulini inamwagika kupita kiasi na sukari ya damu inaporomoka, hiyo haijanikuta.

Nimesikia watu wakiisifu, eti ni askari mzuri, inakuzuia usile vitamu. Mimi sioni sifa yoyote. Askari gani anayekulaza chini mbele ya watu? Tena wengi hawaipati kabisa, sasa hao nani anawalinda?

Kwenye leja: keki yenye krimu, vijiko vitatu, dakika tano, saa nane mchana. Herufi haipo. Nimeongeza D.

Mwezi wa 5

Nywele zinadondoka. Nilishaambiwa, zitarudi. Vidonge: kalsiamu na madini ya chuma vinatenganishwa kwa saa mbili, chuma hakimezwi na chai. Kidonge cha kalsiamu ni kikubwa, nakivunja vipande vinne. B12 nachomwa sindano. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni zimefutwa kwangu maisha yangu yote, huleta vidonda pale kwenye maungio. Hayo ndiyo ya mwezi huu. Chakula hakina jipya.

Mwezi wa 6

Nusu mwaka. Bidhaa zilizojaribiwa 64. K bila masharti 31, K kwa masharti 24, S 7, D 2. Hakuna R tangu wiki ya 10.

Nimempelekea mtaalamu wa lishe leja. Akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akacheka palipoandikwa BATILI, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na hivi unavyokula bila kuandika, viko wapi?"

Nikamwambia naandika kila kitu.

"Unaandika kila kipya," akasema. "Sikuulizi vipya."

Mwezi wa 8

Sasa nimeelewa alichouliza.

Jana usiku nilikaa kufunga hesabu za kazini, na pembeni pakiti ya biskuti za chumvi. Biskuti hizo zilipata K tangu mwezi wa tatu, nikaacha kuziandika. Nilipoinua kichwa pakiti ilikuwa tupu. Sikuhisi kwikwi. Sikuhisi uzito. Sikuhisi kitu chochote, na nusu saa baadaye ningeweza kufungua ya pili. Nikaenda kabatini kuhesabu: nilinunua pakiti sita wiki mbili zilizopita, zimebaki mbili, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayezila. Leja yangu haina hata mstari mmoja wa pakiti hizo nne.

Ningemkuta kijana wa stoo na upotevu kama huo ningemwandikia barua ya onyo.

Kinachotokea ni rahisi. Biskuti ikikutana na mate inakuwa uji, na uji unapita kwenye kidirisha bila kusimama. Kifuko hakijai, kengele haipigi. Kipande cha samaki kinakaa, kinajaza nafasi, kinaniambia inatosha. Miezi minane nimekuwa naviogopa vinavyokwama, naviandikia herufi, navichunguza kama wezi. Vilivyokuwa vinapita bila kubisha hodi nilivipa K na kuvifungulia mlango.

Nimechora safu ya saba: kilikaa saa ngapi. Yaani muda kabla sijatamani kitu kingine. Nimeanza kujaza leo.

Samaki wa mchuzi, gramu 80, saa tatu na nusu. Maharage, saa tatu. Mtindi mzito, saa mbili. Biskuti nne, dakika 20.

Herufi ya matokeo kwa zote nne ni K.

Mwezi wa 10

Njaa imeanza kurudi. Ni njaa ndogo ya saa kumi jioni, haina vurugu, lakini ni ya kweli, na utamu nao umeshuka ulimini. Juisi iliyokuwa shira sasa ni juisi tu. Nikiri kwamba nilizoea ule ukimya wa mwanzo.

Maziwa nimeyarudia kwa mpango: kibaba kimoja, siku mbili, vibaba viwili, siku mbili, hadi vinne. Vinne ndiyo mwisho, cha tano kinaleta mvua ya mdogo wangu. Yakipikwa ndani ya chakula hayana neno.

Mlo mmoja sasa ni kama kikombe cha chai kimoja. Naanza na protini, kisha mboga, wali ukipata nafasi upate, ukikosa ukose. Safu ya saba inapanda nikifuata utaratibu huo, na inashuka nikianza na wali. Nimejaribu mara sita hivi na mara sita vile, siku tofauti. Majibu yamekuwa yale yale.

Biskuti bado zipo kabatini. Sikuzifukuza. Ila zinaandikwa.

Mwezi wa 12

Kuhesabu mali ya mwaka. Bidhaa 88. K bila masharti 49, kwa masharti 33, S 4, D 2. Katika hizo 33, nimechambua masharti yenyewe: 21 ni unyevu, 7 ni saa ya siku, 5 ni kiasi. Hakuna hata kimoja ambacho sharti lake ni chakula chenyewe.

Wale wanne wenye S: mkate laini, nanasi kwa nyuzi zake, yai la kuchemsha hadi kukauka, na nyama ya ng'ombe isiyosagwa, ambayo nilikuwa naiahirisha kila mwezi kwa sababu hii au ile. Jana ndiyo nikaijaribu. Mdogo wangu alitaka kuipika kwa mchuzi, nikakataa, nikataka kuijua kavu kwanza. Akaniwekea bakuli pembeni ya sahani bila kusema neno.

Nyama ya ng'ombe, kipande kimoja, ya kukaanga, gramu 20, dakika 14, saa saba mchana. S. Mate kidogo, povu hapana, bakuli halikutumika. Narudia baada ya wiki mbili, kwa mchuzi, vipande vya punje ya mahindi.